Michoro ya vidole na ugonjwa wa moyo: ukweli uko wapi

Mkuu uliyeuliza, ile picha ya WhatsApp inayodai mwenye miduara vidoleni lazima augue moyo imechukua ukweli mdogo ikauvuta mpaka ukakatika.

Mistari ya vidole huanza kujengeka tumboni mimba ikiwa na wiki 10 hivi. Wakati huo ncha za vidole vya mtoto zina vivimbe. Kivimbe kikiwa bado kimejaa, mchoro hutoka duara (mistari inazunguka). Kikiwa kimeshanywea, hutoka kitanzi (mistari inaingia na kurudi upande uleule) au tao (inapanda na kushukia upande wa pili). Ndiyo maana watafiti huuhusisha mchoro na makuzi ya tumboni. Mwaka 1993 watafiti Godfrey, Barker na wenzao waliwapima watu wazima 139 waliozaliwa Preston, Uingereza, wakakuta wenye angalau duara moja wana presha ya juu kuliko wasio nalo. Huo ni wastani wa kundi dogo. Duara ni karibu theluthi ya michoro yote, kwa hiyo wengi mnaosoma hapa mnalo. Kipimo kinachomnyooshea kila mtu kidole hakimsaidii yeyote.

Tundu la moyo la kuzaliwa nalo ndiyo kabisa usilitafute vidoleni, kwani moyo hujengeka kati ya wiki ya 3 na ya 8, mistari haijaanza. Mtoto mwenye sindromu ya Down, ambaye viganja vyake huwa na michoro ya pekee, apimwe eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) hata akionekana mzima: karibu nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo.

Ukitaka kujua michoro yako, paka penseli kwenye karatasi, sugulia kidole hapo, kibandikie selotepu kuanzia ukingo mmoja wa kucha hadi mwingine, kisha ihamishie kwenye karatasi nyeupe. Hesabu sehemu ambazo mistari inakutana kwa umbo la pembetatu: tao la kawaida halina, kitanzi kina moja, duara lina mbili. Wengi hubandika katikati tu, pembetatu moja inabaki nje, duara linasomeka kitanzi.

Na wachuma chai wa Mufindi na Rungwe, au mafundi ujenzi, ambao mashine ya alama za vidole ya NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa) inawakatalia: huo ni mchubuko wa ngozi ya juu, si moyo. Mizizi ya mistari iko ngozi ya chini. Pumzisha mikono, paka mafuta, itarudi ileile.

Moyo unalindwa kwa kupima presha. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kojoa, kaa dakika 5 umeegemea, miguu chini bila kuikunja, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usiongee. Pima mara mbili, ukipisha dakika moja. Baridi ya Juni na Julai huku Mbeya, Njombe na Makete hupandisha presha, basi jipashe joto kwanza. Vua sweta kabisa. Ukilikunja juu ya kiwiko linabana mkono. Mkanda wa kipimo ukiwa mdogo kwa mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo, na watu huanzishiwa dawa kwa sababu hiyo.

Ikifika 140/90 au zaidi siku tofauti, nenda kituo cha afya. Ikifika 180/120 huku kifua kinauma, pumzi inakata au upande mmoja umelegea, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.