Maswali ya Mezani: Vikapu vya Mvuke vya London

*Assalaam aleikum Bi. Mwanangu yuko London, afanya kazi hospitalini, na mwezi ujao inshallah mimi na babake twaenda kumtembelea. Mkubwa wake wa kazi, mama mwenye asili ya Hong Kong, ametualika Jumapili mchana huko Chinatown tule vile vitu vyao vidogo vidogo vya mvuke waviitavyo dim sum. Mwanangu asema ni heshima kubwa, nisikatae. Mimi nahofia nguruwe. Tena mume wangu mkono wamtetemeka, hivyo vijiti ataviweza vipi? Na nikikaa pale nikitazama tu wenzangu wakila, si nitamtia mwenyeji aibu? — Mama wa Tudor*

Wa aleikum salaam, dadangu. Nenda. Jumapili mchana ndiyo saa ambayo familia nyingi za Hong Kong hukutana mezani, babu, wajukuu na wakwe, na mtu baki haitwi pale kwa kujionyesha tu. Mwanao amesema kweli.

Ila msiende kimya kimya. Mwanao ampigie simu huyo mama kabla ya siku yenyewe, amweleze mambo matatu kwa pamoja: nguruwe hamli, pombe hamtaki hata ya kupikia, na nyama ni ya kuchinjwa kihalali tu. Yote matatu. Akisema "hawali nguruwe" akanyamaza, mtaletewa bata na kuku msiojua wamechinjwa vipi, tena wamelowekwa divai ya mchele ya Shaoxing, ambayo katika jiko la Kikantoni, yaani la Hong Kong na kusini ya Uchina, hutiwa bila kufikiriwa, kama sisi na chumvi. Huyo mama hatashtuka. Kwao pia wako Wabudha wenye siku zao za kutogusa nyama, kwa hiyo mgeni mwenye miiko si ajabu kwao.

Nashikilia hiyo simu kwa sababu vyakula hivi vyadanganya macho. Kuna kimoja chaitwa har gow, kimefungwa kwa ngozi nyeupe unayoona kamba akiwa mwekundu ndani yake. Mtu wa pwani akikitazama roho humtulia: ni kamba, na sisi Mashafii kamba hatuna mjadala naye. Nilipokuwa nakaa Bayswater nilikuwa na jirani, mzee wa Hong Kong aliyestaafu upishi wa dim sum, akaniita jikoni kwake nione kinavyotengenezwa. Alichanganya wanga wa ngano na wanga wa muhogo, akamwagia maji yanayochemka, akakoroga upesi kwa mwiko, akafunika. Kisha akaukanda ungali moto, viganja vikamwiva. Mti wa kusukumia chapati hakuuhitaji. Alikata kidonge, akakikandamiza kwa bapa la kisu kipana alichokipaka mafuta, akakizungusha mara moja, kikatoka duara jembamba ambalo ningeweza kusoma gazeti kupitia kwake. Halafu ikaja mikunjo, upande mmoja tu, kidole kikifuata kidole, na mimi nilipojaribu nikafanya kitu cha kusikitisha.

Hapo ndipo aliponionyesha kibakuli cha mafuta meupe yaliyoganda. Mafuta ya nguruwe: kidogo kwenye donge ili ngozi ing'are na isipasuke, na vipande vidogo vya shahamu yake ndani ya kamba ili wasikauke. Nilipomwambia mie hicho hakinipiti kooni hakununa. Alianza upya kwa mafuta ya karanga, akinung'unika muda wote kwamba ngozi haing'ai inavyotakiwa. Kwangu iling'aa ya kutosha.

Sasa ukijua hilo, vingine utavielewa mwenyewe. Siu mai, kile kilicho wazi juu, ni nguruwe na kamba, wala hakijifichi. Andazi jeupe la mvuke la char siu ni nguruwe wa kuchoma mwenye utamu. Wa kuogopwa ni wale wapole. Keki ya figili nyeupe, iliyokatwa vipande na kukaangwa, utadhani ni mboga. Ndani huwa na soseji ya nguruwe na kamba wakavu. Kitafunio cha majimbi chenye ukoko kama utando wa buibui, nyama iliyomo kwa kawaida ni hiyo hiyo. Wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la yungiyungi utaambiwa ni wa kuku, na kuku yumo kweli, lakini hakuja peke yake. Vile vya Shanghai vyenye mchuzi ndani, mchuzi ule ni supu ya ngozi ya nguruwe iliyogandishwa, ikapata moto ikayeyuka. Hata kitobosha cha mayai mwishoni, cha manjano na kitamu, kwa mapishi ya kale ukoko wake ni wa mafuta ya nguruwe, ingawa siku hizi wengi hutumia siagi.

Na usitegemee karatasi ya vyakula ikuokoe. Sheria ya Uingereza yailazimisha mikahawa kukueleza vitu 14 vinavyoweza kumdhuru mwenye mzio: kamba na kaa, karanga, ufuta, soya, ngano, mayai na vinginevyo. Nguruwe hamo kwenye hesabu hiyo, kwa sababu si suala la mzio. Divai ya mchele nayo, upombe wake si jambo ambalo orodha hiyo hulitaja. Mtu akiiona orodha ndefu namna ile hudhani imesema kila kitu.

Kisha kuna mvuke wenyewe. Vikapu vya mianzi hupangwa kimoja juu ya kingine juu ya maji yanayochemka, na matundu yako chini ya kila kikapu. Mvuke uliopita kwenye nguruwe wa chini ndio utakaoivisha mboga ya juu. Wako wasiojali na wako watakaoweka vijiti chini hapo hapo. Mimi ni wa jikoni, si wa fatwa. Hilo muulize shehe wako kabla ya kupanda ndege.

Ushauri wangu hasa ni huu: mwanao akishaeleza, amwombe huyo mama kwa adabu ikiwezekana mkutane kwenye mkahawa wa halali. Wachina Waislamu wako, na upishi wao ni wa zamani. Wauighuri, Waislamu wa kaskazini-magharibi ya Uchina, wamekuwa na mikahawa yao London, upande wa Walthamstow na Finsbury Park, na huko mumeo atapata wali wa kondoo na karoti atakaoutambua kabla haujatua mezani, na sambusa za kuoka kwenye tanuri zenye nyama na vitunguu tele. Wana tambi ndefu za kuvutwa kwa mkono, mchuzi wake wa kondoo na pilipili mboga. Si dim sum, lakini mtakula wote bila mtu kupepesa macho. Tahadhari moja: mkahawa ulioandikwa Lanzhou nje. Lanzhou ni mji wa Uchina, na tambi zake za nyama ya ng'ombe asili yake ni kwa Waislamu Wahui, lakini London yeyote aweza kuandika jina hilo mlangoni. Ulizeni.

Na kama ni lazima iwe Chinatown, kwa sababu meza imeshawekwa na shangazi zake wote waja, basi nendeni mkanywe chai. Sikutanii. Mlo huu wenyewe kwa Kikantoni huitwa kunywa chai, na birika ndiyo hutangulia mezani. Muulizwe mwataka ipi: ya yasmini, ya maua ya krisanthemamu, au ile nyeusi ya pu-erh inayonukia udongo wa mvua, ambayo mimi nikiionja huwa siigusi nyingine. Haina maziwa wala sukari, usiombe. Mkiridhika na usafi wa sufuria, mletewe na mboga za majani zilizochemshwa kwa tangawizi, wali mtupu, na matunda. Kutokula kila kitu hakumtii mwenyeji aibu. Kinachomtia aibu ni kuona mgeni ana njaa na yeye hakuambiwa mapema.

Vijiti visimsumbue mzee. Aombe uma, au atumie kile kijiko cha kaure kilicho mbele yake. Wazee wa Kichina wenyewe wenye mikono inayotetemeka hufanya hivyo hivyo. Akivishika, asivisimamishe wima ndani ya wali, maana hivyo ndivyo udi wa maiti huchomwa. Chai mmiminie mwenzako kabla ya kujimiminia, mkubwa kwanza. Wewe ukimiminiwa utaona watu wagonga meza kwa vidole viwili. Ni asante hiyo, gonga nawe. Birika ikiisha usipunge mkono, egemeza kifuniko chake upande, mhudumu ataelewa.

Zawadi wapelekee leso ya Mombasa, na jina lake ulisome kabla hujailipia, kuna majina mengine pale Biashara Street si ya kumpa mkubwa wa kazi. Saa ya ukutani msipeleke hata iwe nzuri vipi. Kwao yanuka mazishi. Bili atailipa yeye. Ng'ang'aneni nayo kidogo, mkishindwa mmeshindwa.

*Bi, mimi ni kijana wa Likoni, nimepata nafasi ya chuo London, mwezi wa tisa naondoka. Rafiki aliyetangulia ananiambia alienda kula dim sum, bei aliyosoma na aliyolipa vikawa tofauti. Aliibiwa? Na kuna namna ya mwanafunzi kula huko asifilisike? — Msafiri*

Hakuibiwa. Mikahawa mingi London huongeza asilimia 12.5 ya huduma chini ya bili. Ukila ya pauni 40 utadaiwa 45. Pesa hiyo kwa kawaida ni hiari, imeandikwa kwa herufi ndogo, na ukihudumiwa vibaya waweza kuomba iondolewe bila kelele. Tangu Oktoba 2024 sheria yawataka waajiri wawape wafanyakazi bakshishi zote, kwa hiyo ukihudumiwa vizuri iache, yule anayekimbia na vikapu naye ana kodi ya nyumba. Chai pia mara nyingi hutozwa kwa kichwa, hata usipoiagiza kwa mdomo wako.

Nenda mchana. Dim sum ni ya kuanzia asubuhi iliyopevuka hadi saa kumi au saa kumi na moja jioni. Usiku karatasi hubadilishwa na bei nazo. Mara nyingi utapewa karatasi na penseli, uweke alama kwenye unachotaka. Hapo ndipo wanafunzi huteketea: kila kikapu chaonekana rahisi, kina vipande vitatu au vinne, na baada ya vikapu kumi mtu ashangaa. Agiza kidogo kidogo, na uende na wenzako, maana vipande vinne kwa mtu mmoja wa kitu kimoja ni uchoyo usio na faida. Maji ya bomba omba, mkahawa wenye leseni ya pombe Uingereza hauruhusiwi kukutoza. Ukiwa Mwislamu, soma jibu la huyo mama hapo juu kabla ya kushika penseli.

*Bi, tusaidie kumaliza ubishi wa barazani. Marehemu babu yetu alikuwa baharia, akitusimulia kuwa akishuka London alikula kwa Wachina karibu na bandari. Binamu yangu aliyekaa huko asema Chinatown iko katikati ya mji, hakuna bahari wala meli, na mzee alichanganya na Liverpool. — Wajukuu, Mji wa Kale*

Binamu yako ana haki kwa Chinatown ya leo. Iko Soho, Gerrard Street na vichochoro vyake, hatua chache kutoka stesheni ya Leicester Square, na lango lake kubwa la Wardour Street lilikamilika juzi tu, 2016. Lakini babu yenu hakuota. Wachina wa kwanza wa London walikuwa mabaharia kama yeye, wakakaa Limehouse, mashariki ya mji, kando ya gati, kwenye mitaa ya Pennyfields na Limehouse Causeway. Huko ndiko kulikuwa na vyumba vyao vya kulala, maduka yao na mahali pa kula, na mtu aliyeshuka melini hakuhitaji basi kufika.

Vita vya pili viliwaharibia. Mabomu ya Wajerumani ya 1940 na 1941 yalilenga gati, na Limehouse iko pale pale. Baada ya vita kazi ya bandari nayo ikapungua, huku askari wa Kiingereza waliotoka Mashariki wakirudi na hamu ya chakula cha Kichina. Soho wakati huo kodi ilikuwa ya chini, na kuanzia miaka ya 1950 na 1960 wakaja wakulima wa mpunga kutoka New Territories ya Hong Kong, mashamba yao hayalipi tena, wakafungua mikahawa Gerrard Street mmoja baada ya mwingine. Hata hivyo Limehouse ilibaki na mikahawa michache kwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo hata kama mzee alishuka huko baada ya vita, masimulizi yake yasimama. Binamu akirudi huko, apande treni ashuke Westferry, atembee atafute vibao vya mitaa: Ming Street, Canton Street, Pekin Street.