Makelele ya sekunde mbili asubuhi kwenye IST yenye kilomita 240,000

Mkuu, kama hiyo Toyota IST yako inakwaruza ukiwasha asubuhi tu kisha inatulia, usikubali kufunguliwa injini wiki hii. Anza na oili. Gari ikiwa imepoa, pima kwa kijiti. Ikiwa chini, ongeza kwanza, usikilize tena kesho yake.

Halafu, umeweka oili gani? Wengi hushauriwa 20W-50 "kwa sababu injini imechoka". Kwa baridi ya Arusha ya mwezi wa saba, oili nzito hivyo hupanda taratibu, na tensiona (kikazio) ya cheni ya ndani ya injini, ile inayozungusha kamshafti (shafti zinazofungua valvu), hukazwa na presha ya oili. Mwaga, weka 5W-30, nyepesi zaidi. Injini ya 1NZ, ile ya IST ya cc 1500, huchukua lita 3.7 pamoja na filta. Filta nunua nzuri: ile ya bei chee, mpira wake wa ndani haushiki, oili yote hurudi sampo (beseni la chini ya injini) usiku na asubuhi cheni inaanza kavu.

Ikiendelea, wasikilize wawili: mmoja awashe, mwingine aegemeze bisibisi ndefu kwenye kava ya cheni, mpini sikioni, mbali na mkanda. Mkwaruzo mfupi juu, upande wa kamshafti ya intake (ya valvu za kuingiza hewa), mara nyingi ni gia ya VVT-i, inayobadili muda wa valvu kufunguka: pini yake ya kufungia imelika. Mchakacho unaoshuka na kava yote ni cheni, tensiona na gaidi zake (reli zinazoiongoza); badilisha vyote pamoja, maana cheni ikiruka meno, pistoni hugonga valvu.

Tikisa na bati la kukinga joto la eksozi: likilegea nalo hukwaruza, lisije likakufanya ununue cheni bure.