Kuvuta trela ya kulala mara ya kwanza, Mombasa mpaka Malindi: jibu refu kwa mwenye Prado

Kaka umesema umenunua trela ndogo ya kulala iko Mombasa, ekseli moja, imetoka Uingereza, gari lako ni Prado ya dizeli, hujawahi kuvuta kitu maishani, na unataka uilete Malindi alafu baadaye uipeleke Tsavo kwa njia ya Sala na ikiwezekana Lamu. Naona umejibiwa "Prado ina nguvu, vuta tu". Mie navuta hapa Malindi miaka mingi, zaidi ni boti za wenyewe msimu wa kusi zikitolewa majini, na trela za kambi za wageni pia, kwa hivo wacha nikwambie nnavojua, mpangilio utanisamehe.

Nguvu achana nayo kwanza. Prado itaivuta hiyo mpaka usahau iko nyuma, na kusahau ndiko kunakoleta balaa. Trela nilizoona zikilala ubavu barabarani hakuna hata moja ambayo gari lilikosa nguvu, ni mzigo ulikaa vibaya ama mwendo, mara nyingi vyote viwili.

Anza na kibati. Trela ya kiwandani ina kibati cha chuma karibu na shingo, ule mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari, ama pembeni ya mlango, kimeandikwa uzito wa juu kabisa inaoruhusiwa ikiwa na mzigo wake, na kama ni ndogo ya ekseli moja itakuwa pale kilo 750 mpaka 1,200 hivi. Waingereza wana kanuni yao kwa mtu anayeanza, trela ikijaa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari, na Prado yenyewe inakaribia tani mbili kwa hivo hapo uko ndani kabisa. Lakini mzigo uhesabu, manake watu wanasahau maji. Lita moja ni kilo moja, tangi la lita 60 ni uzito wa mtu mzima, mtungi wa gesi wa kilo 13 ukiwa umejaa unapita kilo 25 na chuma chake, bado betri, bado kreti za soda, bado mama watoto na masufuria ya pilau. Safari ya kuitoa Mombasa ilete tupu, tangi kavu, na gesi ifunge pale juu ya mtungi wenyewe sio kwenye jiko tu.

Sasa mzigo ukae wapi, na hapa nisikize sana. Umeona hamali anavopakia mkokoteni? Gunia zito analiweka juu ya magurudumu na kulisogeza mbele kidogo ili mkokoteni umlalie mikononi, akilipeleka nyuma mkokoteni unamnyanyua yeye. Trela ni hivohivo, shingo lazima ililalie gari. Kwa trela za Uingereza na Ulaya kawaida wanashauri asilimia 5 mpaka 7 ya uzito wote, Wamarekani wanaenda 10 mpaka 15 kwa trela zao, kwa hivo yako ikiwa kilo 1,000 unatafuta kilo 50 mpaka 70 pale shingoni, na usipite kiwango kilichoandikwa kwenye toubaa ya gari, kile chuma cha nyuma cha kuvutia. Kupima sio kazi, chukua mizani ya kupimia watu, simamisha kipande cha mbao juu yake, shusha shingo ilalie ile mbao trela ikiwa imekaa sawa na ardhi, soma. Ikiwa ndogo sogeza vitu mbele, ikiwa kubwa rudisha juu ya magurudumu. Usiweke kitu kizito mwisho kabisa nyuma, hata kama kuna nafasi nzuri inakuita.

Kuna mgeni nilikuwa nyuma yake tukitoka Gede, alikuwa amefunga jenereta na madumu ya mafuta kwenye bampa ya nyuma ya trela. Mpaka 60 hakuna neno. Alipofika kama 90 trela ikaanza kupiga mkia, kushoto, kulia, kila ikirudi inazidi, na lori linakuja mbele. Aliachia mafuta akashika usukani sawa akatulia tuli, ikajirudi yenyewe. Hiyo ndo dawa hakuna nyingine: ondoa mguu kwenye mafuta, usukani uwe sawa, usikanyage breki kwa kishindo, usijaribu kuikimbiza trela na usukani, na yule atakayekwambia ongeza mafuta itanyooka usimskize, utamaliza barabara. Tulisimama tukahamisha jenereta akaenda zake vizuri.

Kufunga trela. Ile gololi kubwa ya chuma ya toubaa ina saizi, za Uingereza, Ulaya na Afrika Kusini ni milimita 50, za Marekani nyingi ni inchi 2 ambayo ni milimita 50.8, na usione hiyo tofauti ni ndogo, kikombe cha Marekani (kile cha shingo kinachofunika gololi) kwenye gololi ya 50 kitakaa na kulegea na siku ya bampu kubwa kinaweza kuruka. Pima kabla fundi hajachomelea chochote. Kikombe kikishakaa na komeo kufunga, usiamini macho: zungusha kile kigurudumu cha mbele cha trela kana kwamba unainyanyua, kama makalio ya gari yanapanda pamoja na shingo basi imeshika, kama kikombe kinachomoka bora kichomoke hapo uani. Cheni zipitishe chini ya shingo zikipishana ziwe msalaba, shingo ikianguka idakwe hapo badala ya kulima lami. Kuna na waya mwembamba wa breki za dharura, huo ufunge kwenye gari, usiuzungushie kwenye gololi. Kigurudumu cha mbele kipandishe juu kabisa na ukikaze.

Yako kwa kuwa ni ya Uingereza itakuwa na breki za kujisukuma, yaani gari likipunguza mwendo trela inasukuma mbele, shingo inaingia ndani na kuvuta waya wa breki. Kwa nchi za Ulaya trela ikipita kilo 750 lazima iwe na breki zake. Lakini trela iliyokaa uani Mombasa na upepo wa chumvi, hizo breki zimeganda uhakika, mpe makanika afungue ngoma zote mbili za breki, abadilishe beringi na kupaka grisi mpya, sio kugusa juu juu. Na tairi usiangalie meno peke yake. Tairi za trela zinakufa na jua kabla hazijaisha, angalia ubavuni tarakimu nne za mwisho, ukiona 2318 ni wiki ya 23 mwaka 2018, hiyo mie naitoa hata kama inang'aa. Speya uwe nayo na uhakikishe spana ya gari inaingia nati za trela manake mara nyingi haiingii.

Taa mtafute fundi wa umeme wa gari, plagi ya Uingereza na soketi ya gari lako pengine hazioani. Makaratasi: trela ina logbook yake, kadi ya umiliki, na namba yake inayoanza na Z, hamisha jina NTSA, mamlaka ya usafiri, mpigie mtu wa bima aiandike kwenye kava, laifseva, zile pembetatu za onyo, weka mahali unapofikia haraka.

Siku yenyewe ondoka baada ya alfajiri. Ni kama kilomita 120 lakini ukikutana na Mtwapa saa mbili asubuhi utajuta kuzaliwa. Mie na trela sizidishi 80 hata lami ikiwa mkeka, na senta zote napunguza mapema kabisa kwa sababu bampu zetu unazijua, nyingine hazina hata rangi, gari litavuka vizuri alafu trela ndo itapigwa. Acha nafasi mbele mara mbili ya kawaida, wenye matatu wataingia hapo katikati, waache waingie, rudi nyuma tena. Basi kubwa likikupita utahisi upepo unakusukuma pembeni kisha unakuvuta kwake, shika usukani tu, usistuke. Daraja la Kilifi liko juu na wazi, kusi ikiwa kali inakupiga ubavu pale, shuka mpaka 50. Kilifi ni karibu nusu ya njia, simama, weka kiganja kwenye kitovu cha kila gurudumu la trela: uvuguvugu sawa, kukishinda kushika beringi ina shida usiendelee. Kaza nati hapohapo, baada ya kilomita za kwanza huwa zinalegea kidogo. Kukata kona, magurudumu ya trela yanapita ndani zaidi ya yale ya gari, kwa hivo nenda mbele kidogo kabla hujakata, na angalia kioo cha upande wa kona kwanza, bodaboda na tuktuk wanapenda kujichomeka palepale. Saidimira za kuongezea nunua, bila hizo unaendesha kipofu.

Rivasi jifunze kabla, sio siku umefika kwenye geti na watu wanakuangalia. Tafuta uwanja wa mpira siku hauna mechi, panga madumu ya maji ya lita 20 kama nguzo. Weka mkono mmoja chini ya usukani, pale chini kabisa katikati, unapoupeleka mkono ndiko makalio ya trela yanakoenda, kulia kulia, kushoto kushoto, wacha kufikiria zaidi. Polepole na kidogo kidogo, trela fupi ni mbishi kuliko ndefu, inageuka haraka, ukiona pembe inazidi usipigane nayo, songa mbele inyooke uanze upya. Na uwe na mtu mmoja tu wa kukuelekeza. Hapa Pwani ukianza kurudi nyuma watatokea wazee sita kutoka barazani kila mmoja na mkono wake, huyu njoo njoo, yule simama, wote wanataka heri lakini utagonga ukuta. Kama ya kwako ina kile kishikizo cha kuzuia breki wakati wa rivasi kifunge kwanza, trela za zamani bila hicho zinakatalia.

Tsavo. Malindi mpaka geti la Sala ni kama kilomita 110, na trela hizi za Uingereza zimeundwa kwa lami, murram, barabara ya changarawe, yenye mistari mistari inafungua makabati, inalegeza skrubu, inapasua gundi ya kuta. Punguza upepo wa tairi kidogo, nenda polepole, ondoa vyombo vya udongo na glasi. Ndani ya mbuga usizunguke nayo hata kidogo, iache kambini, utembee na gari peke yake. Ndovu akiamua njia ni yake unahitaji kurudi nyuma sasa hivi, na kwa trela hiyo huwezi.

Lamu unaweza, ukivuka Sabaki, Gongoni, Minjila, Witu, Hindi, lakini mwisho ni Mokowe, kisiwani ni boti na punda, kwa hivo trela unaiacha bara kwa mtu wa kuaminika kisha unavuka. Mie kwa safari hiyo singeivuta, unalipa mafuta ya kuburuta kitanda ambacho hutakilalia.

Piga picha kibati cha uzito, shingo yote kwa ubavu na zile tarakimu za tairi, ziweke hapa kabla hujampa fundi pesa.