Nusu dakika ya kujinadi

Wengi wanaojinadi kwa watu wa maofisini hapa Dar, mfano wakikutana nao kwenye lifti, huharibu kabla hawajafungua mdomo. Bahasha ya kaki mkononi imeshasema kila kitu: huyu anatafuta kazi. Iweke kwenye begi. Salimia kwanza, na kama ni mkubwa kwako mpe shikamoo yake, subiri marahaba, ndipo uanze. Muda wa salamu usiuhesabu. Nusu dakika yako inaanza baada ya hapo.

Nusu dakika ni kama maneno 60 ya Kiswahili kwa mwendo wa kawaida. Yagawe hivi: jina na kazi unayofanya, jambo moja ulilolifanya likaonekana, halafu ombi dogo. Sehemu ya katikati ndiyo ipewe nafasi kubwa kuliko zote. Chukua mhasibu:

“Mimi ni fulani, mhasibu, natunza hesabu za maduka ya vifaa vya ujenzi pale Gerezani. Mteja wangu mmoja, risiti zake za mashine ya kodi, EFD, na daftari la mauzo vilikuwa havisomani kabisa. Nilikaa navyo miezi miwili mpaka vikalingana, na sasa ritani yake ya kodi ya VAT inaingia kabla ya tarehe 20 kila mwezi. Natamani kufanya kazi na ofisi yenye wateja kama hao. Kwenu hapa, nani anawashughulikia?”

Hakuna “mchapakazi”, hakuna “najituma”. Maneno hayo kila mtu anayo, kwa hiyo hayambebi yeyote. Lakini mhasibu wa Gerezani aliyelinganisha risiti anasimulika: msikilizaji akipanda juu anaweza kumweleza bosi wake kwa sentensi moja. Kama huna ajira bado, tumia kazi ya mafunzo kwa vitendo, au hesabu za kikoba cha mtaani kwenu. Shahada itaje mwishoni, au ngoja uulizwe.

Ombi nalo lina mtego. “Naomba unisaidie kazi yoyote” linamtwisha mwenzako mzigo wa kufikiri unafaa wapi, na jibu lake ni lile tunalolijua: “Lete CV, tutakupigia.” Omba kitu anachoweza kukutimizia palepale amesimama: jina la mhusika, namba, au dakika kumi wiki ijayo.

Usikariri neno kwa neno. Dar watu hukatiza: “Unakaa wapi? Umesoma na nani?” Aliyekariri akikatizwa hurudi mwanzo kama kaseti. Shika nguzo tatu tu, maneno yatakuja yenyewe. Jirekodi kwenye simu mara tano, kisha sikiliza sekunde kumi za kwanza. Hapo ndipo woga hukimbiza ulimi hadi jina lako lisisikike. Na lugha mfuate yeye. Kuanza kwa Kiingereza cha kujikaza halafu ukakwama katikati ni aibu isiyo na sababu.

Ukipewa namba, andika jioni ileile, kabla sura yako haijamtoka: “Shikamoo. Ni yule mhasibu wa Gerezani tuliyeongea leo kwenye lifti. Asante kwa kunielekeza.” CV usiibandike hapo mpaka aiombe, na akiiomba, faili liwe PDF lenye jina lako na kazi yako, sio “CV mpya mpya 3”.