Bima ilikataa dawa za homa ya ini C, hivi ndo nilivyopata tiba

Kuna kitu natamani mtu angeniambia siku ile ya kwanza: bima wakisema wamekataa, uliza wamekataa nini. Mimi niliposikia tu "imekataliwa" nikajua basi tena, nikarudi nyumbani Nkuhungu, hapa Dodoma, nikalia, zikapita karibu wiki tatu sijafanya chochote, kumbe kilichokataliwa ni mstari mmoja kwenye fomu, na huo mstari ulikuwa umeandikwa jina la biashara la dawa ya bei ya juu kabisa.

Niligundulika kwa sababu ya kuchangia damu. Watu wa damu salama wanapima kila chupa, UKIMWI, kaswende, homa ya ini B na C, nikapigiwa simu niende. Sikuwa naumwa popote, na huu ugonjwa ndo ulivyo, unaweza kukaa na mtu miaka ishirini unamla ini taratibu na yeye anaenda kazini, anapika, analea watoto. Sasa kile kipimo cha kwanza kinasema tu kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi, kuna cha pili cha kuangalia kirusi chenyewe kwenye damu, na wapo watu ambao mwili wenyewe ulishakiondoa kwa hiyo cha pili kinatoka safi. Usianze kuhangaika na bei ya dawa kabla ya kipimo cha pili. Mimi kilitoka ninacho.

Dokta akanitoa hofu. Akaniambia B ukishakuwa nayo sugu mara nyingi unatumia dawa miaka na miaka, ila C inapona kabisa kwa dawa mbili, sofosbuvir na daclatasvir, kila siku kidonge cha hii na cha ile, wiki 12, na katika watu 100 wanaomaliza dozi zaidi ya 95 wanapona. Kama ini limeshafika hatua ya sirosisi, yaani limejaa makovu, muda unaweza kurefushwa mpaka wiki 24. Nikatoka pale nimepata nguvu. Nguvu zikaishia dirisha la bima.

Nina bima ya kampuni binafsi kupitia kazini, sitaitaja. Yule kaka wa dirishani aliniambia dawa haipo kwenye orodha. Nilipopiga simu makao makuu yao nikaambiwa hapana, shida ni kwamba huo ni ugonjwa sugu na kifurushi changu hakina dawa za magonjwa sugu. Siku nyingine mtu mwingine kabisa akasema fomu haieleweki maana imeandikwa homa ya ini tu, haijasema ni ipi. Sababu tatu kutoka ofisi moja! Hapo ndo dada mmoja wa uhasibu kazini kwetu akanifungua macho, akasema we omba wakuandikie barua, mambo ya mdomo hayana pa kukata rufaa. Nikaandika barua pepe fupi, jina, namba ya uanachama, tarehe, naomba maelezo ya maandishi ni huduma ipi imekataliwa na kwa kifungu kipi cha mkataba. Ilichukua siku tisa na kufuatilia mara nne.

Barua ilipokuja ndo nikaona kwamba waliokataa ni dawa peke yake. Kumuona bingwa, kipimo cha wingi wa virusi, vipimo vya ini na figo, altrasaundi, vyote vilikuwa ndani ya kifurushi changu na hakuna aliyekuwa ameniambia, na kimoja nilikuwa nimeshalipia kwa hela yangu mfukoni. Vipimo peke yake ni hela nyingi jamani. Kwa hiyo tenganisha bili, omba kila huduma iandikwe na iombewe kibali peke yake, dawa zisibebe vipimo vyote zikaanguka navyo.

Kwenye hilo la ugonjwa sugu nilikata rufaa. Dokta aliniandikia barua ya ukurasa mmoja, na ilikuwa nzuri kwa sababu haikuomba huruma: ilitaja ni homa ya ini C, majibu ya kirusi na tarehe yake, hali ya ini, majina halisi ya dawa (sofosbuvir na daclatasvir, siyo la biashara), na kwamba tiba ni ya wiki 12 tu inaisha, tofauti na presha au sukari ambazo mtu anameza maisha yote, na kwamba mgonjwa akiachwa bila tiba kuna hatari ya sirosisi na saratani ya ini ambazo gharama yake ni kubwa zaidi. Muombe dokta wako aandike hivyo hivyo. Mimi rufaa yangu upande wa dawa walikataa tena, nasema ukweli, ila vipimo vyote wakalipa na kile nilicholipia wakanirudishia kwa risiti. Kama ningeendelea, hatua inayofuata ilikuwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, au TIRA ambao ndo wanasimamia makampuni ya bima, na sisi wa Dodoma makao makuu yao tunayo hapahapa mjini. Wanataka kuona kwanza kwamba ulilalamika kwenye kampuni yenyewe, kwa hiyo zile barua usitupe hata moja.

Sikuendelea kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeshajua habari ya bei.

Hii sehemu naomba uisome vizuri. Sofosbuvir ilipoidhinishwa Marekani mwisho wa 2013 dozi ya wiki 12 ilipangiwa dola 84,000, yaani dola 1,000 kidonge kimoja, na hata huko bima zikawa zinakataa, wengine wanaambiwa wasubiri mpaka ini liharibike sana ndo walipiwe. Ile bei ndo ilibaki kwenye vichwa vya watu. Lakini 2014 Gilead, wenye dawa, waliviruhusu viwanda vya India kutengeneza dawa ileile kwa ajili ya nchi nyingi maskini, yetu ikiwemo, mwaka uliofuata daclatasvir nayo ikafunguliwa, na 2023 yakatangazwa makubaliano ambayo nchi zinaweza kununua dozi nzima kwa dola 60. Dola sitini! Dukani huwezi kuipata kwa hiyo bei kwa sababu maduka yanaagiza kidogo kidogo na kila mtu anaongeza chake, ila ujue tu kwamba ukitajiwa mamilioni kuna mahali umekosea kuuliza.

Mimi nilikosea hivi, nilikuwa naingia duka la dawa na cheti chenye jina la biashara, basi wananitajia hiyohiyo, ambayo kwangu ilizidi mshahara wa miezi sita. Dokta alipobadilisha akaandika majina halisi na miligramu zake, sofosbuvir 400 na daclatasvir 60, duka lilelile likanitajia bei nyingine kabisa. Nikapiga simu maduka kama saba, mengine Dar, mwisho nikapata kwa chini ya robo ya bei ya kwanza, nikachukua likizo ya siku moja nikapanda treni ya SGR asubuhi nikarudi nazo jioni. Hela nilikopa kazini, wakakata kwenye mshahara miezi mitano.

Kabla hujatoa hela angalia kama dawa imesajiliwa TMDA, ile mamlaka ya serikali ya dawa, orodha ipo kwenye tovuti yao, linganisha jina, kiwanda, na tarehe ya kuisha muda kwenye boksi. Kuna mtu alinitumia picha za makopo kwa WhatsApp anasema anazo za bei ya chini zaidi, hana duka, hana risiti, nikaachana naye. Tena nunua dozi yote au hakikisha kwa maandishi kwamba kopo la pili na la tatu lipo, kukatisha katikati ni hatari.

Kwa asiye na bima wala pa kukopa, usiogope kwenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya rufaa ya serikali unakotibiwa. Kazi yao ni kuangalia hali ya mtu na kuona kama anastahili msamaha, hata kama wa sehemu ya gharama. Nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, watu wa Mpwapwa na Kondoa wanafika mjini hawana hiyo barua wanarudishwa, ni nauli mara mbili.

Na mwambie dokta kila unachomeza. Kama una homa ya ini B pia inabidi ijulikane kabla, kwa sababu ukitibu C ile B inaweza kuamka vibaya, na dawa ya TB ya rifampicin pamoja na baadhi ya dawa za kifafa zinaua nguvu ya hizi. Mama mkwe wangu kwa upendo kabisa aliniletea mizizi ya kuchemsha, nilimshukuru nikampigia magoti, ila sikuinywa, ini lilikuwa tayari lina kazi yake.

Wiki 12 baada ya kumaliza dozi nilipimwa tena, kirusi hakikuonekana. Sasa shika na hili: kile kipimo cha kwanza cha kingamwili kitaendelea kusoma positivu hata ukiwa umepona, kwa hiyo mtu wa bima mpya au kazi mpya akikupima hicho tu atasema unaumwa. Ile karatasi ya majibu ya kirusi nimetoa kopi tatu, moja ipo kwenye simu, moja ipo na kadi ya bima, na moja nimempa mume wangu.