Mwanao Hakuteuliwa NHL? Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kusaini

Kila mwaka, kwa kawaida mwishoni mwa Juni, klabu 32 za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, hugawana vijana wa mchezo huo katika uteuzi wa raundi saba, yaani nafasi 224 kwa dunia nzima. Kijana wa Amerika Kaskazini huanza kuhesabiwa akiwa na miaka 18, na akivuka 20 bila jina lake kutajwa, mlango huo humfungikia. Kifungua mimba wangu, ambaye ni winga wa kulia, alipita miaka hiyo yote bila kuitwa na klabu yoyote. Tangu wakati huo wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili, tunaokutana viwanjani hapa Ontario alfajiri za baridi, wamekuwa wakiniuliza kama ndiyo mwisho wa safari, na kama ilikuwa busara kutumia fedha zote zile kwa viatu vya barafu, fimbo na ada za klabu. Kuhusu fedha kila nyumba ina hesabu yake. Kuhusu safari ninalo la kusema.

Kijana aliyeteuliwa haki zake hushikwa na klabu iliyomtaja, hata kama klabu hiyo imejaza washambuliaji wa nafasi yake. Asiyeteuliwa anaweza kusaini na klabu yoyote itakayomtaka. Ni uhuru wa mtu aliyekosa, sikatai, lakini ni uhuru wa kweli, na nimeona familia zikiupoteza kwa kukimbilia jina kubwa la kwanza lililopiga simu. Ushauri wangu wote unatokana na hapo: chagua mahali atakapocheza, wala usichague jezi.

Mfano ninaoutumia mara nyingi ni wa Martin St. Louis, winga aliyezaliwa Laval, Quebec, mwaka 1975, mwenye kimo cha sentimita 173 hivi, jambo ambalo wakati ule lilitosha kuwafanya wasaka vipaji wafunge madaftari yao. Uteuzi wa mwaka 1993 ulikuwa na majina 286, na lake halikuwamo. Halikuwamo hata miaka iliyofuata, ingawa alikuwa akifunga na kutoa pasi za mabao katika Chuo Kikuu cha Vermont kiasi cha kuondoka na rekodi ya chuo hicho ya pointi, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja. Alianza kulipwa mwaka 1997 katika ligi ya chini huko Cleveland, kisha Calgary Flames wakamsajili. Huko alicheza michezo 69 ya NHL na kufunga mabao manne, mara nyingi akitumiwa katika safu ya nne, ambayo huingia uwanjani kwa dakika chache ili nyota wapumzike. Mwaka 2000 Calgary walimwacha bila kumlinda wakati klabu mpya za Columbus na Minnesota zilipokuwa zikiokota wachezaji wa wengine, na hata hizo hazikumtaka. Ndipo alipokwenda Tampa Bay, klabu ya Florida iliyokuwa dhaifu kwa wakati huo, ambako nafasi za washambuliaji zilikuwa wazi.

Msimu wake wa kwanza Tampa alifunga mabao 18. Msimu wa 2003–04 alimaliza na pointi 94, nyingi kuliko za mchezaji mwingine yeyote wa ligi, akatwaa tuzo ya Hart ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi, na katika fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, timu yake ikakutana na Calgary wenyewe. Mchezo wa sita ulipigwa Calgary. Bao la ushindi alilifunga yeye, sekunde ya 33 ya kipindi cha pili cha muda wa nyongeza, na siku mbili baadaye Tampa wakabeba kombe. Sidhani kwamba alijifunza kucheza hoki kwenye ndege ya kwenda Florida. Kilichobadilika, kwa maoni yangu, ni dakika alizopewa na watu aliocheza nao.

Hata hivyo, tahadhari na hadithi hii, kwa sababu ina upande wa pili ambao hausimuliwi sana. Eric Perrin alitoka Laval hiyo hiyo, akacheza Vermont katika safu moja na St. Louis, naye hakuteuliwa. Alikuwa katika kikosi cha Tampa kilichobeba kombe lile la 2004, na baadaye akacheza misimu miwili katika klabu ya Atlanta, lakini sehemu kubwa ya kazi yake aliifanyia Ufini. Rafiki yake alicheza michezo 1,134 ya NHL na kuingia katika Ukumbi wa Umaarufu mwaka 2018. Mzazi anayemwambia mwanawe kwamba bidii pekee itamfikisha alipofika St. Louis amemficha Perrin, na mimi kwa kweli ningefurahi sana mwanangu akipata maisha kama ya Perrin.

Turudi kwenye uchaguzi wenyewe. Mwanangu alipopata ofa mbili za ligi za chini, tuliketi mezani na orodha za wachezaji ambazo kila klabu huziweka hadharani, tukatia alama ya kalamu nyekundu kwa kila winga wa kulia mwenye mkataba unaozidi msimu mmoja. Karatasi ya klabu kubwa ilikuwa nyekundu kuanzia juu hadi chini. Ile ya mji mdogo ilikuwa na alama mbili tu. Kisha akampigia kocha wa mji mdogo yeye mwenyewe, bila wakala, akauliza maswali yasiyojibika kwa sifa: nani atacheza nafasi yangu tukiwa na mtu mmoja zaidi uwanjani kwa sababu mpinzani ametolewa kwa adhabu, nani tukiwa pungufu kwa adhabu yetu, na msimu uliopita ni wachezaji wangapi walipanda kutoka kwenu kwenda ligi ya juu? Kocha anayejibu kwa majina ana mpango. Anayejibu kwamba kila mtu atapata nafasi yake hajafikiria chochote kumhusu kijana wako.

Swali la kucheza pungufu ninalitilia mkazo. Kijana ambaye tangu utotoni alikuwa mfungaji wa timu yake hufika katika hoki ya kulipwa na kukuta wafungaji wamejaa, na mshahara wa juu wameshaugawana. Nafasi iliyo wazi ni ya mshambuliaji anayeweza kusimama katika mraba wa watu wanne, fimbo yake ikilala juu ya barafu katika njia ya pasi, mabega yakimwelekea mwenye kisahani, kile kinachochezwa badala ya mpira, huku jicho likimchunga aliye nyuma yake, na inapobidi kupiga goti ili shuti limpate yeye badala ya kumfikia golikipa. Inauma, na haimo katika takwimu ambazo ndugu nyumbani wataziona. Lakini makocha huiona kazi hiyo, na Yanni Gourde, aliyepitia ligi ya daraja la tatu bila kuteuliwa na kubeba Kombe la Stanley mwaka 2020 na 2021, aliaminiwa kwa kazi za namna hiyo hata baada ya kufunga mabao 25 katika msimu mmoja.

Kuhusu masomo, kanuni zimebadilika na wazazi wengi bado wanatembea na habari za zamani. Zamani kijana akicheza ligi kuu za vijana za Kanada alipoteza haki ya kucheza vyuo vya daraja la kwanza Marekani; tangu Agosti 2025 haki hiyo haipotei tena kwa sababu hiyo pekee. Kwa asiyeteuliwa hili ni jambo kubwa, kwani chuo humwongezea miaka ya kukua na kumwachia shahada.

Ukifika wakati wa mkataba, soma mishahara yote miwili. Mkataba wa njia mbili hutaja kiasi atakacholipwa akiwa NHL, ambako kima cha chini msimu wa 2025–26 kilikuwa dola 775,000 kwa mwaka, na kiasi kingine kidogo mno akiwa ligi ya chini, na hicho cha pili ndicho kitakacholipa kodi ya nyumba miezi mingi. Angalia pia urefu wake. Artemi Panarin, ambaye naye hakuteuliwa, alitoka Urusi na kusaini Chicago mwaka 2015 kwa miaka miwili tu, akapata pointi 77 katika msimu wa kwanza, na hakulazimika kusubiri muda mrefu kabla ya kuzungumzia mshahara upya. Kijana akikupigia simu kwa furaha, “Baba, wamenipa miaka mitatu!”, mwulize kwanza ni mitatu ya nini.

Na ofa ikitoka Ufini, Uswidi au Ujerumani, msiidharau. Ulizeni kama nyumba inalipwa na klabu, kama mshahara uliotajwa ni kabla au baada ya kodi, nani analipia bima ya majeraha, na kama kuna kifungu kinachomruhusu kuondoka iwapo klabu ya NHL itamtaka kabla ya msimu kuanza. Kifungu hicho kiandikwe, pamoja na tarehe yake ya mwisho.