Vumbi Linapoonekana Limetua: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kupima Vumbi

Ukianza kazi ya kupima vumbi katika machimbo ya mawe ya itale au penye mashine za kusaga kokoto, hutakaa siku nyingi kabla ya msimamizi kukuambia kwamba mashine imezimwa, vumbi limeshatua, na watu waingie wafagie. Msikilize kwa heshima, lakini usizime pampu yako inayovuta hewa ya sampuli, kwa kuwa zilizotua ni zile chembe kubwa tu.

Chembe inayoanguka katika hewa tulivu haiongezi mwendo hadi sakafuni, kwani uzito wake huivuta chini huku mnato wa hewa ukiizuia, na nguvu hizo mbili husawazika mara moja, kisha chembe huteremka kwa mwendo uleule. Mwanafizikia George Gabriel Stokes, ambaye kwa kweli alikuwa akishughulika na pendulamu, alichapisha mwaka 1851 hesabu inayotuongoza hadi leo: mwendo huo hufuata mraba wa kipenyo, kwa hiyo chembe iliyo ndogo mara kumi huteremka polepole mara mia. Chembe ya silika, madini yaliyomo ndani ya mawe kama itale, yenye kipenyo cha mikromita 10 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) hushuka takriban milimita 8 kwa sekunde, na kutoka usawa wa pua ya mtu aliyesimama hufika chini kwa dakika tatu au nne. Ile ya mikromita 1, ambayo ndiyo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuleta silikosisi, yaani ugonjwa wa mapafu kuwa na makovu, huhitaji saa 5 hivi.

Hata hizo saa 5 ni za kwenye karatasi. Hewa tulivu hasa ni adimu mno kazini: injini ambayo bado ina moto hupandisha hewa, mtu akipita huivuruga, na mikondo hiyo ina kasi kubwa kuliko mteremko wa chembe ndogo, hivyo nyingine hurudishwa juu kabla hazijagusa sakafu. Hewa ikiwa inachanganyika hivyo, muda huo ukipita zaidi ya theluthi moja ya chembe bado zitakuwa zinaelea. Ukitaka kuziona, funga mlango, washa tochi yenye mwanga mkali na uitazame miale yake kwa pembeni, uso ukielekea upande inakotoka.

Kosa ninaloliona kwa wengi ni kuchota vumbi la sakafuni na kuliita sampuli ya hewa, ilhali sakafuni kumejaa zile zilizowahi kuanguka. Filta inayonasa vumbi ili lipimwe uzito nayo hudanganya ikitumika bila kifaa cha kutenga chembe kubwa kwanza, maana chembe moja ya mikromita 10 ina uzito wa chembe 1,000 za mikromita 1, na mizani haijui ipi inaumiza. Funga kifaa cha kuchukulia sampuli karibu na pua ya mfanyakazi, kiendelee kuvuta hewa hata baada ya mashine kuzimwa na wakati wa usafi, na kabla ya fagio kushikwa, hakikisha sakafu imelowanishwa maji.